Pikipiki za zamani, na wamama waliokaa nyuma



Alhamisi iliyopita, tulipokuwa tunangoja mvua ipite ili tufunge mkutano, sauti ilisikika kutoka bondeni. Mama mmoja aliinua kichwa, akasema: "Hiyo si TVS. Hiyo ni pikipiki ya zamani." Tulitoka mlangoni wote kutazama. Kweli, ilikuwa Yamaha ya zamani inapanda kilima, moshi wa buluu nyuma yake, na mzee aliyeiendesha amefunga mifuko miwili ya maharagwe, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alitupungia mkono akapita.

Baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye hesabu za akiba. Kila mmoja alikuwa na pikipiki yake ya kukumbuka. Mama mwenyekiti alicheka, kisha akanigeukia: "Mwalimu, andika haya kabla hatujayasahau." Basi nimeandika. Nilifikiri yatakuwa maneno ya kufurahisha tu. Lakini kumbukumbu moja huvuta nyingine, na nimefika mahali ambapo sikukusudia kufika.

Kila mmoja na yake

Mama mmoja aliyekulia karibu na misheni ya Masisi anakumbuka pikipiki ya padri. Watoto waliisikia kabla haijaonekana, wakakimbia kando ya barabara. Aliyefaulu kugusa kiti chake kikiwa bado cha moto alijisifu juma zima.

Mwingine, wa upande wa Kitchanga, anakumbuka mume wa dada yake aliyekuwa anachukua fromaji kutoka mashambani hadi Sake. Fromaji zilipangwa ndani ya sanduku la mbao, zikafunikwa kwa majani. Wakati wa jua kali mbwa wa kila kijiji walimfuata.

Wa tatu alienda kwenye ndoa yake kwa pikipiki. Waliifunga maua kwenye gido na kitambaa cheupe kwenye taa. Mvua iliwakuta njiani, na bibi-arusi akashuka kusukuma na viatu mkononi. Anasema: "Mume wangu alipoona ninasukuma bila kununa, alijua amepata mke." Tulicheka mpaka machozi.

Na mama wa Mubi, kule Walikale, alisema pikipiki ya kwanza ya mume wake ililala ndani ya chumba, karibu na kitanda, kwa sababu ya wezi. "Nilisikia harufu ya esansi hata katika ndoto. Siku nyingine nilimuuliza: Sasa mke ni nani humu ndani?"

Mashine ya ng'ombe iliyofika kwenye ng'ombe

Sisi tuliozaliwa katika miaka ya 80, pikipiki tuliyoijua kwanza ni ile Yamaha AG 100. Wengine walikuwa na DT, wengine Honda XL, lakini AG ndiyo iliyokuwa ya mapadri, ya waganga wa chanjo, ya waagronomi na ya watu wa miradi. Mtu wa kawaida hakuwa nayo.

Herufi hizo AG zinatokana na neno la kilimo. Kampuni ya Yamaha ilianza kutengeneza pikipiki huko Japani mwaka 1955, na baadaye ikatengeneza hii kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand, wapate kufuata ng'ombe na kondoo katika mashamba makubwa. Ndiyo sababu sheni yake ilifungiwa ndani ya boksi ili matope yasiingie. Ilikuwa na portbagaji mbele na nyuma, na vyuma vya kuilinda ikianguka. Ukifikiri vizuri, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, matope na vilima haikukosea njia ilipofika Masisi.

Injini yake iliunguza oili pamoja na esansi. Moshi wa buluu ulitoka hapo, na sauti ile nyembamba ya kukatakata. TVS na Boxer za leo, zinazotoka India, haziunguzi oili hivyo, na sauti yao ni nzito zaidi. Kwa hiyo yule mama wa Alhamisi hakubahatisha. Sikio lake lilikuwa limesoma.

Tena tukumbuke ukubwa wa nchi yetu. Teritware ya Masisi ina kilomita mraba karibu 4,700. Ile ya Walikale inapita 23,000, na sehemu kubwa ni pori. Kabla ya pikipiki kulikuwa na miguu, kulikuwa na chukudu kwa mizigo, na kwa mgonjwa kulikuwa na kipoyi. Pikipiki moja katika kijiji ilibadilisha hesabu ya siku. Mahali pa kutembea siku mbili pakawa pa kwenda na kurudi kabla ya giza.

Pikipiki ya nyumbani kwetu

Papa alikuwa muganga wa kituo cha afya kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo na kuteremkia Walikale. Alipewa AG ya rangi nyeupe kwa ajili ya kazi ya chanjo. Boksi la baridi lenye dawa lilifungwa nyuma kwa mipira iliyokatwa kutoka pine la zamani, na mbele aliweka mfuko wa daftari na koti la mvua.

Ilikuwa pikipiki ya kazi, lakini nyumba zote za kijiji zilikuwa na haki juu yake. Ilileta barua, chumvi, betri za redio, na habari ya nani amefariki na nani amejifungua. Papa akipita bila kusimama, watu walijua kuna shida. Akisimama kwenye kila mlango, walijua siku ni njema.

Nyumbani, mtu aliyeijua pikipiki ile zaidi ya wote alikuwa mama. Jioni Papa alirudi amechoka, akaiacha uani na kwenda kuoga. Mama ndiye aliyeosha matope. Ndiye aliyefungua buji, akaisugua kwa karatasi ya msasa na kuipuliza. Alijua oili ikipungua. Papa akiwa bado mbali, mama alisema: "Leo amebeba mtu," au, "Leo amekuja peke yake," kwa kusikiliza tu jinsi injini ilivyopanda kilima. Hata kuiwasha aliiwasha, asubuhi za baridi, akapiga kiki kwa mguu mara tatu, akaiacha ipate moto wakati Papa anakunywa chai.

Lakini mama hakuwahi kukaa mbele. Alikaa nyuma, miguu yote upande mmoja, kikwembe kimefungwa vizuri, mkono mmoja ukishika portbagaji. Hakuna aliyemkataza. Ni vile tu hakuna aliyewahi kufikiri.

Usiku wa ufunguo

Mwaka 1999, mwezi wa mvua, Papa aliitwa kwenye mkutano Masisi. Daraja moja la miti lilikuwa limelegea, kwa hiyo alienda kwa miguu na wenzake, akaiacha pikipiki nyumbani. Siku ya tatu daraja lilitengenezwa. Papa alikuwa bado hajarudi.

Siku hiyo jirani yetu alianza uchungu tangu asubuhi. Jioni mkunga alitoka nje, akamwambia mama kwa sauti ya chini: "Mtoto amelala vibaya. Huyu anahitaji hospitali." Mimi nilikuwa na umri wa karibu miaka kumi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni na niliyasikia.

Pikipiki ilikuwa uani. Ilikuwa na esansi. Barabara ilikuwa inapitika. Mwanaume mwingine aliyejua kuiendesha, katekista, alikuwa amekwenda kwenye kilio mbali. Wanaume wa kijiji walikuja, wakaizunguka, wakaitazama. Hakuna aliyejua. Basi wakafunga kipoyi. Wanaume wanane walimbeba kwa kupokezana, taa moja ya petroli mbele, mvua juu yao. Walifika hospitali kunakucha. Jirani alipona. Mtoto wake hakupona.

Usiku ule mama hakulala. Nilimkuta ameketi uani chini ya mabati, ufunguo wa pikipiki mkononi. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, ningeweza kuiwasha. Nimeiwasha mara ngapi? Lakini sijui kuipeleka."

Papa alirudi baada ya siku mbili. Mama alimwandalia bugali na sombe kama kawaida. Alipofunua sahani, alikuta ufunguo umewekwa kando ya bugali. Mama akamwambia: "Kesho unanifundisha."

Papa aliuchukua ufunguo, akautazama, akasema: "Nilipaswa kuwa nimekwisha kukufundisha." Hakusema zaidi, naye alikula kidogo tu.

Uwanja wa mpira

Walianza kwenye uwanja wa mpira wa shule, alfajiri, kabla ya watu kutoka. Mama alivaa pantalo ya Papa, na kikwembe juu yake. Siku ya kwanza aliachilia ambreyaji kwa haraka, pikipiki ikaruka kama mbuzi na kuzima. Siku ya pili aliingia ndani ya majani ya nyuma ya goli. Siku ya tatu kijiji kizima kilijua, na watoto tulikaa kwenye mstari wa uwanja kama kwenye mechi.

Mzee mmoja wa heshima alikuja kulalamika. Alimsalimia Papa vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema: "Muganga, mwanamke akikaa mbele, mwanaume atakaa wapi?"

Papa akamjibu kwa adabu: "Nyuma, mzee wangu. Kuna nafasi."

Mzee alicheka bila kutaka kucheka. Baada ya miezi michache mke wa mtoto wake alishikwa na malaria kali, na ni mama aliyempeleka. Mzee alituletea jogoo, akamkabidhi mama mwenyewe, mkononi mwake, siyo kwa Papa. Kwetu lilikuwa jambo kubwa.

Mama hakuendesha kila siku. Aliendesha siku za lazima. Lakini mwaka 2001 jirani yule yule alipopata mimba tena, mama hakungoja uchungu. Siku zilipokaribia alimpandisha, akaweka shangazi nyuma ya kumshika, na wakaenda polepole, vitesi ya kwanza na ya pili tu, mpaka Masisi. Mtoto alizaliwa hospitalini, akalia vizuri. Leo ni dada mkubwa, naye hupenda kusema kwamba alianza kusafiri kwa pikipiki kabla hajazaliwa.

Miaka ya mawe

Baadaye pikipiki zilianza kuwa nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na Masisi vijana wengi waliacha ng'ombe na jembe wakaenda kuchimba. Kisha ikaja kasiterite ya Bisie, kule Walikale. Wamama wa upande huo wanakumbuka vizuri: watu waliteremka kutoka Bisie hadi Njingala kwa miguu, wakipita porini na mzigo mgongoni, na ndege ndogo zilitua barabarani pale Kilambo kuchukua mawe kwenda Goma. Kijana aliyepata pesa kidogo alitaka kitu kimoja tu, pikipiki.

Mama wa Mubi anasema pikipiki ya mume wake ilinunuliwa kwa kasiterite mwaka 2006. Ilipofika, walichinja mbuzi. Lakini serikali iliposimamisha uchimbaji huko Kivu na Maniema, kuanzia Septemba 2010 mpaka Machi 2011, ililala chini ya shitingi miezi sita bila esansi. "Hapo," anasema, "nilianza kuuza mawese, na mawese ndiyo iliyoiamsha tena. Tangu siku hiyo mume wangu aliiita pikipiki yetu. Zamani ilikuwa yake."

Wakati huo huo zilikuja za Kichina, kisha hizo TVS na Boxer zilizojaa leo. Ni nyepesi, zinakunywa kidogo, na vipuri vinapatikana hata kwenye soko dogo. Vijana wengi wanalisha familia kwa kubeba watu. Sisemi kwamba za zamani zilikuwa bora kuliko hizi. AG ilikunywa sana, na ilipoharibika ulingoja kipuri kutoka Goma mpaka ukasahau ulichoagiza. Ninachokumbuka kwa upendo ni kwamba pikipiki moja ilijulikana na kila mtu, na kila mtu aliweza kuigongea mlango usiku.

Ilivyoishia

Mwaka 2008 vita vilipotukaribia, Papa aliifungua pikipiki vipande vipande. Magurudumu aliyaficha kwenye dari, injini aliizungushia shitingi akaizika katika shamba la migomba, na tanki aliliweka kwa rafiki. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Sake, mimi nikibeba mdogo wangu mgongoni. Tuliporudi baada ya muda mrefu, nyumba haikuwa na mabati, magurudumu hayakuwepo, na injini ilikuwa imekunywa maji ya mvua mbili. Papa aliigeuza kwa mkono, haikugeuka. Aliifunika tena kwa udongo kama mtu anayezika ndugu.

Kilichobaki ni portbagaji ya mbele. Mama aliipigilia ukutani jikoni, anakaushia sahani juu yake hadi leo. Wageni hudhani ni kitu cha soko. Sisi tunajua ilikobebea koti la mvua.

Mimi nilijifunza kuendesha nilipokuwa nasoma ISP, wakati wa likizo, kwenye TVS ya mdogo wangu anayefanya kazi ya taksi. Yeye alikuwa mwalimu mkali kuniliko: "Yaya, usitazame gurudumu, tazama unakokwenda!" Sina pikipiki yangu, maana mshahara wa mwalimu tunaujua wote. Lakini najua kuendesha, na mara mbili ujuzi huo umehitajika usiku.

Tufanye nini na kumbukumbu hizi?

Nilipomaliza kusikiliza hadithi za Alhamisi, niliuliza swali moja: "Kati yetu hapa, nani anajua kuendesha?" Tulikuwa wamama ishirini na sita. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili, pamoja na wangu. Kicheko kilikwisha hapo.

Wamama wenzangu, hadithi zetu zote za pikipiki ni za kubebwa. Tulibebwa kwenye ndoa, tulibebwa kwenda kujifungua, tulibebwa wakati wa kukimbia na godoro juu ya kichwa. Tunamshukuru kila aliyetubeba. Lakini siku moja dereva hayupo, na pikipiki iko uani.

Ndiyo sababu ninaleta mapendekezo haya tuyazungumze mkutano ujao:

Kwanza, kila kikundi kichague wamama wawili wajifunze kuendesha, wa rika lolote. Uwanja wa shule ni mtupu Jumamosi asubuhi, na wanaume wawili wa wanachama wetu wamekubali kutoa pikipiki na kufundisha bila malipo. Esansi tuichangie.

Pili, tuwe na orodha ya madereva tunaowaamini katika kila kijiji, na chupa moja ya esansi iliyofungwa vizuri, mbali na moto na watoto, kwa ajili ya mgonjwa wa usiku tu.

Tatu, mama mwenye mimba asingoje uchungu ikiwa nyumba yake iko mbali na kituo cha afya, zaidi sana kama uzazi uliopita ulikuwa mgumu. Aende mapema, na aende polepole.

Nne, tuache kukaa upande. Ni desturi yenye heshima, lakini barabara zetu haziiheshimu. Pantalo chini ya kikwembe haimwondolei mtu adabu. Na dereva avae kaske, hata akiwa anaenda karibu.

Nilipomweleza mama kwamba ninaandika habari hizi, aliniuliza kama nimemtaja yule mtoto ambaye hakupona. Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, akageuza sahani zake juu ya ile portbagaji, kisha akasema: "Vizuri. Sasa waambie waanze na ambreyaji. Waiachilie polepole."

Nawaambieni, basi. Tuonane Jumamosi uwanjani. Na aliye na hadithi ya pikipiki ya kwanza ya kwao anieleze, nitaiandika juma lijalo.